Chujio la Mkwe

Simu ya Entebbe ilikatika, lakini Specioza aliendelea kuishika sikioni na kuitikia na kushukuru kwa Kiganda. "Ndiyo, ssebo. Nimeelewa, ssebo. Webale." Hakutaka Proscovia, aliyekaa kwenye kochi la sebuleni na mkoba mapajani, ajue kwamba amekatiwa simu kama mtoto. Ila Proscovia hakuja Busia bila masikio yake.

"Imekatika zamani," alisema. "Alikuwa anasema nini kabla ya kukukatia?"

"Anasema ametuma. Kibali iko kwa kompyuta yangu tangu jana. Leo ametuma tena. Sasa anasema mimi nachezea yeye."

"Na kompyuta yako inasema nini?"

"Inasema haikuona kitu."

Proscovia alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa Paya, upande wa Tororo. Mwaka mzima kikundi kilijinyima na kuchanga, na hatimaye kikaagiza vifaranga wa siku moja kutoka Kenya. Vifaranga walikuwa wamefika. Walikuwa kwenye yadi ya mpakani, ndani ya pikapu ya dereva aitwaye Edwin, wakilia kwenye makasha yao. Daktari wa mifugo wa pale mpakani, mtu mpole lakini wa karatasi, alikuwa amesema waziwazi: bila kibali cha kuwaingiza nchini hawavuki, na akifunga ofisi jioni watarudishwa walikotoka. Sasa kifaranga hutoka kwenye yai na akiba ndogo tumboni, ya kumvusha safari moja. Ya kurudi hana.

Specioza alikuwa wakala wa forodha. Hakuwa na kampuni yenye kibao kikubwa kama wale wa karibu na geti. Ofisi yake ilikuwa sebule yake. Akina mama wa Paya walimchagua yeye kwa sababu ni mwanamke mwenzao na simu yake hupokewa. Leo simu ilipokewa vizuri, tatizo lilikuwa barua. Wizara ya mifugo kule Entebbe walituma vibali kwa anwani ya barua pepe iliyosajiliwa tu, si kwa simu, si kwa mjomba wa mtu.

"Chai?" Specioza aliuliza.

"Chai nitakunywa vifaranga yangu wakivuka," Proscovia alisema, na Specioza akaumia kuliko kama angetukanwa. Nyumbani kwake mgeni alikuwa hajawahi kukataa chai.

Mumewe, Matayo, alitokea jikoni na kikombe alichokuwa amekwisha kukijaza. Akasimama nacho katikati ya sebule, akakinywa mwenyewe.

"Si tuite fundi?" alisema.

Fundi mmoja alikuwa Bulumbi mazikoni. Mwingine simu yake ilikuwa imezimwa, na waliomdai walisema haitawashwa karibuni. Aliyebaki ni Fidel, na hapo ndipo shughuli ilipokuwa.

*

Fidel alikuwa amemwoa Annet, binti yao. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta ng'ambo, Busia ya Kenya, mwendo wa kutembea tu. Lakini pande zote mbili za mpaka ni Wasamia, na Msamia aliyelelewa vizuri hamtazami mama mkwe wake usoni. Hampi mkono, hali naye, hasemi naye. Wakikutana njiani mmoja huingia kwenye mihogo. Mwaka uliopita Fidel alimwona Specioza ghafla sokoni Sofia, akajificha nyuma ya marobota ya mitumba kwa muda mrefu hivi kwamba mwenye mitumba alimshika kama mwizi. Specioza alilisikia jambo hilo na moyoni akajivunia. Mkwe mwenye adabu, alisema. Tangu ndoa hawajawahi kuambizana hata habari za asubuhi.

Na kompyuta ilikuwa chumbani. Zamani ilikaa sebuleni, wezi wakaja wakaondoka nayo, ikapatikana kwa bahati tu nyuma ya baa moja. Matayo akaapa haitaibiwa tena. Akaleta mchomeleaji, akatengeneza kijumba cha nondo, akakichomelea kwenye mguu wa kitanda cha chuma. Kazi ilikuwa nzuri. Mwizi wa kompyuta ile sasa angelazimika kuiba na kitanda, na Specioza juu yake.

Mkwe haingii chumba cha mama mkwe. Kitanda cha mama mkwe hata kukiota ni kosa.

"Atakaa hapa sebuleni," Matayo alisema. "Mama Annet atakuwa ndani kwa mashine. Mimi nitasimama hapa mlangoni, kwa pazia. Yeye anasema, mimi napeleka. Wewe unasema, mimi narudisha. Hakuna mtu ameona mtu."

Kwa jinsi uso wake ulivyong'aa ungedhani amechaguliwa mbunge.

*

Fidel alikuja mbio. Alipofika mlangoni alikohoa mara kadhaa, mpaka aliposikia pazia la chumbani likivutwa, ndipo akaingia. Akachukua kigoda, akaketi ameupa mgongo mlango wa chumbani, uso kwa kalenda ya kanisa iliyotundikwa ukutani. Kwanza alijaribu kuifungua anwani ya Specioza kwa simu yake mwenyewe aitafute barua. Hakukuwa na kitu. Programu ya barua iliyokuwa kwenye kompyuta ya Specioza ilikuwa ya zamani sana, na kila barua ikiingia iliivuta nyumbani na kufuta nakala kule ilikotoka.

"Baba, hiyo barua iko humo ndani," alisema. "Ni lile chujio langu limeikalia."

Chujio lilikuwa programu nyingine, aliyoiweka yeye mwenyewe siku Specioza alipokuwa Tororo, kompyuta ingali sebuleni. Kazi yake ilikuwa kukaa mlangoni pa barua na kuamua ipi ipite na ipi itupwe. Annet ndiye aliyemwomba, baada ya baba yake kuandikiana na mjane wa jenerali mmoja wa nchi ya mbali aliyetaka kugawana naye urithi. Matayo hakupoteza mengi, alikuwa amenunua sanduku la safari tu. Lakini aibu ilibaki, na sanduku pia lilibaki.

"Mwambie mama alizime kwanza. Pale chini, kulia, kuna alama ya ngao."

Matayo aligeukia pazia, akashusha sauti. "Mama Annet. Mkwe wako anakusalimu. Anauliza umeamka namna gani. Anaomba, kama haitakuchosha, uangalie pale chini, kuna ngao."

"Chini wapi? Mwambie hii chujio yake ni mwizi."

Matayo alimgeukia Fidel. "Mama yako anasema chujio lako lina bidii."

Proscovia aliwatazama, mmoja baada ya mwingine. "Kwetu Paya pia mkwe anaheshimiwa," alisema. "Lakini nyinyi mnasikiana. Mimi niko mbali zaidi na nasikia yote."

"Kusikia si kosa," Matayo alimjibu. "Kosa ni kujibu."

Ngao ilipatikana, chujio likazimwa. Fidel akamwomba Specioza, kupitia baba mkwe, kupitia salamu nyingine za watoto na mifugo, afungue barua. Programu ikazunguka, ikazunguka, kisha ikatangaza kwamba haiwezi kufika popote wala kupokea chochote. Fidel akajishika kichwa. Alikuwa amesahau kwamba siku ile aliiambia ipokee kila kitu kupitia kwenye chujio. Alikuwa amemfukuza mlinzi, na mlinzi ameondoka na ufunguo.

"Nini imetokea?" sauti ya Specioza ilitoka nyuma ya pazia. "Mbona sasa hata zile za zamani zimekataa?"

"Mkwe, mama yako anafurahia maendeleo," Matayo alisema.

"Baba, nimeharibu," Fidel alisema. "Mwambie aliwashe tena."

"Mama Annet, mkwe wako anasema mmefika mbali, lakini anaona ni vizuri mrudi kidogo."

Simu ya Proscovia ikalia. Alikuwa Edwin. Aliweka sauti nje ili watu wote wasikie, na labda alitaka wateseke. Nyuma ya maneno ya Edwin vifaranga walisikika, kilio chembamba kisichokatika. "Nimefukuzwa kivulini, mama. Askari amesema hapo ni pa lori za mafuta. Kasha la chini wengine wamelala, wakiguswa hawainuki haraka. Hiyo karatasi iko wapi?"

"Iko inasalimiwa," Proscovia alisema, akakata.

*

Chujio liliwaka tena, lakini barua haikuonekana. Fidel alikaa akiitazama kalenda bila kuiona. Chujio limezimwa, barua hakuna. Chujio linafanya kazi, barua hakuna. Kisha likamjia swali, na lilipomjia akatamani lisingekuja.

"Baba, muulize mama. Barua akishaimaliza kazi yake, anaipeleka wapi?"

Matayo alilivika swali hilo salamu zake. Jibu lilikuja bila salamu.

"Naweka kwa kile kitufe cha Taka. Kwani nitaacha kazi iliyoisha ijae mezani?"

Fidel alifumba macho. Specioza aliianza kazi enzi za karatasi. Mawakala wa wakati ule walikuwa na msumari mrefu mezani. Shehena ikivuka, karatasi zake zinachomekwa msumarini, na mezani inabaki kazi ya leo. Kompyuta haikuwa na msumari, ilikuwa na kitufe cha Taka. Kila barua ya forodha, ya mifugo, ya mimea, ya kodi, alipoimaliza aliibonyezea Taka, kwa nidhamu, bila kukosa. Za wajane wa majenerali hakuzigusa kwa sababu hazikuwa kazi yake.

Na chujio lilikuwa la kujifunza. Lilimtazama mwenye nyumba na kushika alichofanya. Likaelewa kwamba barua ya serikali ni uchafu na ya mjane wa jenerali ni mali. Likaanza kuzitupa za serikali lenyewe, kwenye kapu lake la ndani, ambalo ile programu ya zamani haikuwa na macho ya kuliona.

"Unasema nini?" Matayo aliuliza. "Nipeleke nini?"

Fidel angesema nini? Kumwambia mama mkwe amekosea, tena kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya mteja! "Mwambie chujio langu limechanganyikiwa," alisema. "Mwambie afungue ile ngao yenyewe. Ndani kuna kapu."

Ngao ikafunguliwa. Kapu likafunguliwa. Specioza akasema polepole kutoka ndani, "Ziko humu. Ziko mingi. Na hapa kuna dirisha imeruka, inasema kapu imejaa, inauliza kama ifute vyote. Ndiyo ama Hapana."

Kila mtu aliyemjua Specioza alijua kwamba kompyuta ikimuuliza swali hubonyeza Ndiyo. Alikuwa ameligundua hilo zamani: ukikataa, inauliza tena.

Matayo alijinyoosha, akamgeukia Fidel, akakohoa. "Mkwe, mama yako anakusalimu. Anasema amefika salama kwenye kapu, na humo amekuta..."

Kutoka nyuma ya pazia kilisikika kipanya kikisukumwa mezani.

"Mama, hapana," Fidel alisema.

Hakupiga kelele. Lakini alilisema kupita begani mwa Matayo, moja kwa moja kwa mama mkwe wake, na sebule nzima ikaganda. Matayo alibaki na mdomo wazi na salamu zake ndani. Proscovia alishika mkoba kwa mikono miwili.

Kisha pazia likazungumza.

"Hapana iko upande gani?"

"Kulia."

"Nimebonyeza."

"Imekwenda?"

"Imekwenda. Vyote viko."

Fidel aliachia pumzi.

"Sasa natafuta Entebbe," Specioza aliendelea, naye bila kupitia kwa mtu. "Lakini hizi ni kama mchele. Haziko kwa mpango wa siku. Nashuka, nashuka, sioni."

"Kuna mahali pa kuzipanga, mama. Ni pale... ni pale juu, lakini si juu kabisa." Fidel aliinua mkono kuionyesha kalenda. "Ningekuwa naona ningekuonyesha."

Kulisikika kitanda kikilia, shuka likipigwa hewani, kitu kikiburutwa. Matayo alichungulia ndani, akarudisha kichwa haraka.

"Mama Annet, unafanya nini?"

"Nafunika kitanda. Fidel, ingia."

Alikuwa pia amemtaja jina. Matayo aliketi kwenye mkono wa kochi.

"Mama, siwezi," Fidel alisema kwa kalenda.

"Hata mimi siwezi. Vifaranga ya watu wanakufa. Ingia uangalie mashine, usiangalie kitu ingine."

*

Fidel aliingia kwa ubavu, mkono wa kushoto umeziba upande wa kitanda, uso umeelekea mashine. Specioza alikuwa amesimama pembeni, ameipa kabati uso, leso imefunika kichwa. Kama mtu angewapiga picha angedhani wamegombana. Fidel alipitisha mkono wa kulia kati ya nondo, akazipanga barua kwa tarehe, na barua ya Entebbe ikapanda juu, na ya pili yake, zote mbili zikiwa na kibali kilekile. Akabonyeza kitufe cha Si Taka. Printa ya chini ya kitanda ikaamka na kuanza kukoroma.

Karatasi haikupoa. Proscovia aliinyakua kutoka mkononi mwa Matayo, akatoka bila kwaheri, na bodaboda ikasikika ikiondoka kuelekea mpakani. Baadaye kidogo Proscovia alipiga simu. Daktari wa mifugo alikuwa amegonga muhuri. Edwin alikuwa ameshika barabara ya Tororo. Wengine walikuwa wamekufa, kasha la chini, si wengi; waliobaki walikuwa wakilia mpaka wanakera. "Nakuja kunywa ile chai siku ingine," Proscovia alisema, na Specioza akakaa kwenye ukingo wa kitanda kilichofunikwa, akalia kidogo kwa nafuu.

Fidel alikuwa bado pale, hajui jinsi ya kutoka bila kugeuka.

"Hizi zote," Specioza alisema. "Nani alitupa?"

"Ni chujio, mama."

"Fidel. Mimi nimesoma hapo. Kila moja imeandikwa nani alisema ni taka. Ni jina yangu."

Fidel alizitazama nondo. "Mama, kosa ni langu. Niliweka kitu kwa nyumba yako na sikukufundisha. Ningekufundisha aje? Nilikuwa natoka mlango wa mbele wewe ukiingia wa nyuma."

Specioza alivuta leso chini kidogo. Alikuwa na aibu, aibu ya kweli, ya mtu aliyejisifu kwa usafi kumbe alikuwa akiutupa mlo wake. Lakini ndani ya aibu hiyo kulikuwa na kitu kingine kilichomshangaza. Mkwe wake alikuwa na sauti nzuri. Ilikuwa sauti ya chini, isiyo na haraka, na yeye alikuwa hajawahi kuisikia ikielekezwa kwake.

"Ile msumari ya zamani ya karatasi," alisema mwishowe. "Nionyeshe inakaa wapi kwa hii mashine. Kama haiko, tengeneza."

Fidel akatengeneza folda, akaiita Zilizovuka.

*

Matayo alijitahidi kunyamaza, na alifaulu mpaka Jumapili. Baada ya ibada dada yake, Loy, alikuja na khanga ya kutokea na uso wa kesi. Loy ndiye aliyekuwa shangazi wa Annet na mlinzi wa adabu za ukoo, na alihakikisha Fidel na Annet wameitwa. Fidel aliketi karibu na mlango kabisa, macho chini. Specioza, kama ipasavyo, alikuwa chumbani.

"Mkwe amesema na mama mkwe," Loy alianza. "Hiyo ni moja. Ameingia chumba chake. Hiyo ni mbili. Ameona kitanda."

"Kilikuwa kimefunikwa," Matayo alisema.

"Ameona umbo ya kitanda. Mbuzi moja, jike, isiyo na kasoro."

"Nitaleta, shangazi," Fidel alisema, bila ubishi. Annet alimkata jicho mumewe.

Pazia likasogea. Specioza akatoka sebuleni bila leso kichwani, akavuta kiti na kuketi mbele yao wote. Fidel aliinuka kutoroka, lakini Loy alikuwa ameuziba mlango kwa mwili wake, kwa mshangao, si kwa kusudi.

"Loy, mbuzi itatoka kwangu," Specioza alisema. "Mimi ndiyo nilifundisha mashine kutupa kazi yangu. Mimi ndiyo niliita yeye aingie. Kosa yangu nalipa."

"Na kusema na wewe? Yeye ndiye alianza."

"Alianza." Specioza alisogeza kiti mbele. "Alisema neno mbili. Moja ilikuwa hapana. Ingine ilikuwa mama. Huyu kijana anakula na mtoto wangu, analala na mtoto wangu, na tangu achukue yeye hapa hajaniita mama, hata siku moja, kwa sababu ya heshima. Kaniita hiyo siku na mimi nikasikia vizuri. Wewe unataka nitoze yeye mbuzi kwa hiyo?"

"Ni desturi," Loy alisema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Basi kesho akiniita tena nitalipa ingine. Niko na mbuzi."

Fidel bado alikuwa amesimama, hajui pa kuweka macho, na mwishowe akayaweka mahali ambapo hakuwahi kuyaweka: usoni pa mama mkwe wake. Matayo, ambaye kimya humtesa, alikohoa, akamgeukia Fidel.

"Mkwe, mama yako anasema..."

"Amesikia," Specioza alisema. "Sogea akae."